Vitanda Vitatu vya Mbugani

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya banda la kinyozi na sanduku la fundi viatu, chini ya mabati mawili yanayovuja mvua ikinyesha na kuunguza jua likiwaka. Mimi ndiye ninayelifungua kila asubuhi kwa kutua jiko langu chini na birika juu yake, ndiyo maana wananiita Birika, kana kwamba mama yangu alisahau kunipa jina. Sawa, nimezoea. Sheria yangu hapa ni moja tu: anayechukua kahawa ainywe ikiwa moto. Mtu kushika kikombe asubuhi nzima akikipunga hewani kwa mabishano ni kumdharau mpishi, na mimi dharau siivumilii. Benchi lenyewe alilitengeneza Randa, seremala wetu, ambaye nyumba na karakana yake viko hapo hapo ng'ambo ya barabara. Halina msumari hata mmoja. Randa akiona msumari umepigwa kwenye kiungo cha mbao huumia kama wewe unavyoumia ukimwona nzi kwenye kikombe chako. Na siku hiyo ya Jumamosi, Randa ndiye tuliyekuwa tunamngoja.

Alikuwa amerudi juzi kutoka mbugani, yeye na mkewe, zawadi ya binti yao kwa wazazi waliotimiza miaka thelathini ya ndoa. Tulidhani angekuja jana yake mbio mbio na habari za simba. Hakuja. Leo ndiyo akaja, ubao begani, uso kama wa mtu aliyeibiwa mbuzi.

– Karibu, mtalii! – akapaza sauti Redio. Redio ni kinyozi. Tunamwita hivyo kwa sababu Mungu alimuumba bila kitufe cha kuzimia.

– Niache, – Randa akajibu, akauegemeza ubao kwenye nguzo. – Birika, nipe kahawa. Mke wangu hasemi na mimi.

Hapo fundi viatu akaiweka nyundo chini. Huyu ndiye Hakimu. Sheria hajaisoma hata ukurasa mmoja, ila aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya kuku, akatoa ushahidi mrefu hata hakimu wa kweli akasinzia, na tangu siku hiyo hakuna jambo la mtaa huu asilolitolea hukumu.

– Hasemi kabisa, au hasemi vizuri? – akauliza. – Maana hayo ni makosa mawili tofauti.

– Anajibu neno moja moja. Nikiuliza chai iko wapi, "mezani". Nikiuliza umeamkaje, "salama". Nikiuliza umekasirika, "hapana".

– Uwii! – Redio akashika kichwa. – Hiyo "hapana" naifahamu. Hiyo "hapana" ni "ndiyo" iliyovaa koti.

Sote tukageuka kutazama ng'ambo. Shemeji yetu alikuwa kibarazani kwake, amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. Na mwanamke yule si wa kupitisha asubuhi bila kututupia utani. Siku zote atamuuliza Redio kama leo amekata nywele au masikio, na mimi ataniuliza kama kahawa nimeichuja au nimeiombea dua tu. Leo kimya, mchele na mawe yake. Nilijisikia vibaya, sifichi. Nyumba ile ikinyamaza, kona yote inakosa ladha.

– Na huo ubao wa nini? – Hakimu akauliza.

– Namtengenezea kitanda kipya.

– Cha zamani kimekosa nini?

– Hakijakosa kitu. Ila nimewaza, nimewazua, hasira zake ni za malazi ya kule. Tulihama mara mbili, vitanda vitatu kwa siku tatu. Sasa nataka leo jioni aingie chumbani akute kitanda cha kumsahaulisha yote. Maana kesho binti yetu anakuja. Anakuja na hamu yote kusikia habari za safari aliyotulipia. Atukute tumenuniana? Mtoto atajua zawadi yake ndiyo iliyotugombanisha. Atalia, jamani. Yule mtoto namjua, atalia.

Alivyosema hivyo akauficha uso kwenye kikombe. Tukatazamana.

– Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, – Redio akasema kwa huzuni.

– Kunguni hawakuwepo, – Randa akaruka. – Nilikagua.

– Mahakama inataka kusikia tangu kitanda cha kwanza, – Hakimu akaamuru. – Usiruke kitu.

Randa akavuta pumzi.

– Tulifika mchana. Pazuri, siwafichi. Mlangoni tu unapokewa na glasi ya maji ya matunda na kitaulo cha baridi ujifute vumbi.

– Kitaulo! – Redio akasema. – Mimi wateja wangu nawafuta na gazeti.

– Tunajua, – nikasema.

– Mpaka hapo shemeji yenu anacheka, – Randa akaendelea. – Ananishika mkono kabisa, mbele za watu. Tukapelekwa chumbani. Chumba kikubwa, dirisha ukuta mzima, linatazama bwawa ambalo wanyama huja kunywa maji. Yeye akaenda moja kwa moja kufungua pazia. Mimi nikakaa kitandani. Kitanda kikasema kwiii.

– Kwiii?

– Kwiii. Nikasimama, nikakaa tena. Kwiii. Basi nikavua shati, nikaingia uvunguni.

– Umetoka nyumbani kwako, – nikamuuliza, – umesafiri njia yote hiyo, ukaingia uvunguni?

– Ningefanyaje, Birika? Wewe ukipewa kahawa yenye moshi unainywa? Redio, ukimwona mtu amenyolewa upande mmoja, chakula kinapita?

– Hakipiti, – Redio akakiri.

– Basi. Niliwasha tochi ya simu. Ndugu zangu, viungo vyote vimepigwa misumari. Mbao nzuri, nzito, mbao ya heshima, imeteswa kama mwizi! Nikamwita mke wangu: njoo uone! Naye yuko dirishani ananiita: njoo uone! Mimi njoo uone, yeye njoo uone. Hakuna aliyekwenda kwa mwenzake.

Akatikisa kichwa, akamalizia kwa uchungu:

– Ndiyo maana wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilimwambia, na bado hakutazama.

Methali ile ilinikwaruza sikio, lakini sikujua ni wapi hasa. Nikaacha ipite, na makaa yangu yalikuwa yanataka kupepewa.

– Ikawaje? – Hakimu akauliza.

– Nikaenda mapokezi. Nikawaambia kwa adabu kabisa, sisi hapa hatulali. Mara gari la kutembeza wageni likapiga honi, zamu ya jioni inaondoka. Nikamwambia mke wangu, tangulia, mimi nashughulikia malazi. Mwanamume ni malazi, bwana.

– Kweli kabisa. Mahakama inaona mume alitimiza wajibu wake. – Hakimu akainua kidole chenye gundi. – Na kosa limeshaonekana. Shemeji ameona aibu. Mume kutoka uvunguni kifua wazi, kwenda kubishana mapokezi mbele ya watu wenye vitaulo! Ile ni aibu ya daraja la kwanza. Aibu haiongei, inanyamaza. Kesi imekwisha.

– Haijaisha, – Redio akapinga. – Tuna kitanda kimoja tu. Randa, leta cha pili.

– Cha pili kilikuwa kwenye kibanda cha mawe, nyuma, karibu na jiko lao. Kitanda chenyewe sikilaumu. Ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake, unaukubali mwenyewe. Lakini mengine, we acha tu! Bomba la moto linatoa maji ya baridi, bomba la baridi linatoa upepo. Nyuma ya ukuta kuna jenereta, linaunguruma mpaka meno yanacheza mdomoni.

– Shemeji alilalamika?

– Wala! Alichemshiwa maji jikoni, akaoga kwa ndoo, anaimba. Ananiambia tusihangaike, tumekuja kwa siku tatu tu. Sasa tatizo likawa mlango.

– Mlango nao?

– Haufungi. Umevimba kwa unyevu, unagota chini. Asubuhi gari linapiga honi, mke wangu ameshavaa kofia yake, anauliza unakuja? Nikamwambia mlango kwanza. Nikaenda jikoni kuomba randa.

– Hoteli ina randa?

– Walinipa kisu cha mkate.

Redio alipaliwa na kahawa. Ikabidi Hakimu ampige mgongoni kwa kiatu cha mteja.

– Nimeukwangua mlango ule kwa kisu cha mkate mpaka jua limepanda. Ukafunga! Ukafunga vizuri, hata mwanga haupiti. Ila kufungua ukakataa.

– Usituambie.

– Nawaambia. Nimefungiwa ndani mpaka mchana. Nikipiga kelele, jenereta linanimeza. Mke wangu ndiye aliyerudi akanikuta, wakaja vijana wawili wakanitoa dirishani, miguu mbele.

Tulicheka mpaka benchi likatikisika, ingawa halikulia kwiii, nalisifu. Hata Randa alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka ng'ambo kuna nani, akatazama huko, tabasamu likaondoka. Shemeji alitupa jiwe dogo la mchele barabarani, akaendelea kuchambua.

– Sasa nimeelewa! – Redio akasema, machozi ya kicheko bado yako shavuni. – Ni jenereta. Sauti ya jenereta ikiingia kichwani haitoki upesi. Kuna mteja wangu alilala karibu na jenereta msibani, alikaa nayo masikioni mpaka nywele zikaota tena. Shemeji hajanuna, bwana! Hakusikii. Wewe unasema maneno kumi, yeye anapata moja, analijibu hilo hilo moja.

– Mbona akiongea na jirani anaongea sana?

– Jirani anaongea kwa sauti nyembamba. Inapenya.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, – Hakimu akasema, – lakini guu la kitanda halijavunjika, kwa hiyo kusikia anasikia. Hoja ya jenereta imetupwa. Leta kitanda cha tatu.

Hapo Randa alibadilika. Akakaa sawa, akashusha sauti kama mtu anayetaja jina la marehemu mwema.

– Baada ya kunitoa dirishani, meneja mwenyewe alikuja kuomba radhi. Akatuhamishia kwenye hema.

– Hema! – Redio akashangaa. – Kutoka mawe mpaka turubai? Umeshushwa cheo!

– Tulia. Hema la wakubwa. Sakafu ya mbao iliyopigwa msasa, bafu la ndani, maji ya moto ni ya moto kweli. Ukitoka mbele kuna kibaraza na viti viwili, mto unapita chini yako. Na kitanda... – akalipapasa benchi kwa kiganja. – Ndugu zangu, kile kitanda kimetengenezwa na mtu aliyelelewa. Nimekishika miguu, nimekishika kichwa. Hakina msumari, hakina gundi iliyomwagika. Nimelala usingizi ambao sijalala tangu niache kunyonya. Kabla ya jua kuchomoza mke wangu ananitikisa: amka, amka, nje kuna kitu. Nikasema dakika moja. Kuamka, jua liko utosini, tunatakiwa kufunga mizigo.

– Basi kumbe mwisho ulikuwa mzuri! – nikasema. – Maji ya moto, kitanda cha heshima. Sasa mkeo anakasirikia nini?

– Ndicho ninachowauliza nyinyi!

– Hema, – Hakimu akasema, na akasimama. Hakimu akisimama ujue hukumu ni ndefu. – Sikilizeni. Nyumba ni nini? Nyumba ni ukuta. Mwanamke huolewa nyumbani, sijasikia aliyeolewa kwenye zipu. Mlipoingia hemani, kisheria hamkuwa na nyumba. Mume asiye na nyumba ni mgeni. Kwa hiyo shemeji amelala na mgeni, amerudi na mgeni, na mgeni hujibiwa kwa adabu, neno moja moja. "Mezani." "Salama." Umeona? Anakukaribisha!

– Sasa nifanye nini?

– Mgeni njoo, mwenyeji apone. Piga hodi kwako upya.

– Upuuzi! – Redio akapiga paja. – Mimi nitawaambia ukweli ambao wenye hoteli hawautaki. Nyie mnafikiri kwa nini kitanda cha kwanza kililia na cha tatu kikanyamaza? Wamepanga! Wanakuanzisha chini ili ya juu uione tamu. Hata wanyama wamepangwa. Yule fisi anayecheka usiku ni mwajiriwa. Anacheka nyuma ya vyumba vya bei ndogo, watu waogope, wahamie vya bei kubwa.

– Fisi ameajiriwa?

– Analipwa mifupa! Na simba je? Simba ni kaseti. Kuna mtu amekaa kichakani na spika. Tembo wana zamu, wale wa asubuhi wakimaliza wanakwenda kulala, wanakuja wa jioni. Ndiyo maana kila mgeni akirudi anasema ameona tembo. Watatoka wapi wote hao? Aliye juu mngoje chini!

– Hiyo methali imeingiaje? – nikauliza.

– Twiga, – Redio akajibu bila aibu. – Randa, wewe umetoka huko. Simba uliyemsikia alikuwa simba au spika?

– Nilisikia mngurumo siku ya pili. Au lilikuwa jenereta. Usinitoe kwenye kitanda, Redio.

– Na tembo, wana zamu au hawana?

– Nimesema usinitoe kwenye kitanda!

Mimi nilikuwa nimeshachoka. Vikombe vyote vimejaa, vyote vimepoa, na birika limebaki na kahawa ya chini tu.

– Kunyweni! – nikafoka. – Mnaniulia kahawa kwa fisi wenu! Mwenzenu ana kesho tu mkononi, nyie mnaajiri wanyama. Tumsaidie.

Walipata aibu kidogo, wakanywa. Kisha wakaanza kusaidia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Hakimu akasema kitanda kipya hakitoshi, hasira za hema huondolewa na hema, kwa hiyo tusimamishe turubai uani kwa Randa kabla ya jioni, turubai lake la kufunikia ngozi lipo. Redio akasema turubai bila wanyama ni kambi ya wakimbizi, yeye atajificha nyuma ya ukuta wa choo acheke kama fisi. Akatuonyesha. Mbuzi mmoja aliyekuwa anapita alikimbia. Hakimu akasema mto nao unahitajika, basi Birika amwage maji taratibu kutoka kwenye ndoo. Mimi! Niache jiko langu nikawe mto! Na Randa, badala ya kuwafukuza, alikuwa ameshatoa penseli nyuma ya sikio, anachora juu ya ubao wake miguu ya kitanda na nguzo za hema. Nilimwonea huruma. Mtu akizidiwa anashika chochote.

– Shikamooni wazee, – sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa dada mmoja muuguzi, aliyehamia wiki hiyo nyumba ya nyuma ya kinyozi. Alikuwa ametoka kazini, bado ana viatu vyake vyeupe, chupa ya chai mkononi. Alikuja kununua kahawa ya kupeleka kwake.

– Marahaba, binti. Karibu, – tukajibu.

– Samahani, nimesubiri mmalize lakini naona hammalizi, – akasema akicheka. – Nimesikia habari za mbugani. Mimi tangu nizaliwe natamani kwenda, sijapata nafasi. Baba, mliona wanyama gani?

Penseli ya Randa ikasimama.

Tukamtazama Randa. Randa akautazama ubao.

– Wanyama? – Randa akasema.

– Ndiyo. Si ndio mliowafuata?

– Niliona... – Randa akafikiri, akajikuna kidevu. – Niliona mjusi.

– Mjusi gani? Wale wakubwa?

– Hapana. Huyu wa ukutani. Alikuwa juu ya kitanda cha pili.

– Huyo tunaye hapa, baba, – dada akasema kwa upole. – Na mama je, yeye hakuona?

– Yeye aliona. Yeye alikwenda na gari kila siku.

– Aliona nini?

Dada wa watu hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama unavyomuuliza mtu saa ngapi. Lakini Randa alibaki amemkodolea macho, kisha akanikodolea mimi, kisha Hakimu, kana kwamba mmoja wetu alikuwa naye kule.

– Sijui, – akasema. – Sijamuuliza.

Hakimu aliokota nyundo yake, akaitazama, akairudisha chini. Nami nilikuwa nimesikiliza asubuhi nzima, nimeuliza mengi ya vitanda na milango, na swali hilo dogo halikunijia.

– Siku ile ya kwanza, – Randa akasema taratibu, macho chini, – jioni, gari liliporudi, alishuka akaja anakimbia. Mke wangu! Na magoti yake yale. Kiatu kimoja kimemvuka, amekishika mkononi, anakimbia na kuniita, "Mume wangu, mume wangu, huwezi kuamini!" Nikamwambia subiri kwanza. Njoo uone chumba kipya.

– Akasemaje? – nikauliza.

– Akasema, "haya." Neno moja. Lilianzia pale. Wala si kitandani. Lilianzia pale, nami nilikuwa nimeshika funguo, nimefurahi.

Akasimama. Ule ubao hakuutazama tena.

– Birika, nipe viwili.

Nikamimina. Birika likatoa vikombe viwili kamili, na baada ya hapo masimbi tu, yale mashapo ya chini. Redio alinyoosha kikombe chake, nikamtazama, akakirudisha. Randa akavuka barabara kwa uangalifu, kikombe kila mkono, kama mtu aliyebeba mayai.

Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye sakafu ya kibaraza, mbele ya kigoda cha mkewe. Akamwekea kikombe kimoja kando. Hatukusikia alichosema, ila kilikuwa kifupi. Shemeji akaendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine, akalitupa. Randa hakuondoka. Alikaa tu, uso juu, akingoja.

– Amekwisha, – Redio akanong'ona.

– Nyamaza, – Hakimu akamwambia.

Shemeji akamtazama mumewe, kwa muda mrefu. Kisha akauweka ungo chini, kwa sababu jambo lenyewe, kumbe, lilitaka mikono miwili.

Kwanza aliipanua mikono yote pembeni ya kichwa, akaipepea.

– Masikio! – Redio akasema. – Tembo huyo. Wa zamu gani?

– Nyamaza, nimesema!

Halafu akashusha kiganja mpaka karibu na goti, akakizungusha pale pale: mdogo, mdogo kabisa. Akaonyesha yule mdogo anavyoteleza. Tope, labda. Anajaribu kupanda, anateleza, anajaribu, anateleza. Shemeji anayumba kwenye kigoda chake mpaka kikainuka mguu mmoja. Kisha akainama, akamshika Randa mkono juu ya kiwiko, akamvuta, akamvuta, kama mama anavyomtoa mtoto shimoni kwa mkonga. Na Randa akakubali kuvutwa, mzee mzima, mpaka akapiga magoti. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono mwingine. Nikamwona mabega yanamtikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka mpaka shemeji naye alipocheka, kile kicheko chake kikubwa kinachofika mpaka kwa wauza mkaa.

– Alitoka? – dada muuguzi akauliza, ameibana chupa yake kifuani. – Yule mtoto wa tembo, alitoka?

– Ametoka, – Hakimu akasema, akijifuta jicho kwa kitambaa cha kung'arishia viatu. – Mahakama imeona.

– Sasa hivi anaonyesha nini? – Redio akauliza. – Mbona amesimama?

– Sijui. Hicho ni cha siku ya pili.

Kweli, shemeji alikuwa amesimama, anatembea kibarazani kwa kunyata, mabega chini, na Randa anamfuata kwa macho, anauliza, anauliza tena, anataka arudie. Kahawa yake imepoa sakafuni. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuona dharau. Nikamwaga masimbi, nikamwambia dada asubiri nichemshe nyingine, nikaanza kupepea makaa.

Ndipo sauti ikavuka barabara, ile ile ya siku zote. Shemeji alikuwa ameonja kikombe chake, amekunja uso, ameweka mkono kiunoni.

– Birika! Hii kahawa umeichuja, au umeiombea dua tu?

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.